Pikipiki Iliyoumwa Asubuhi Tu

Msimu wa baridi ulipoingia, betri ya pikipiki ililala ndani. Kila jioni mwendeshaji wake, mtu waliyemwita Mkate Moto, aliinua siti, akalegeza nati, akaichomoa betri kwa mikono miwili kama mtu anayemtoa kuku juu ya mayai, kisha akaichukua chumbani. Aliiviringisha kwa sweta kuukuu la mtoto na kuiweka juu ya kigoda, mahali penye joto kidogo, mbali na dirisha lenye ufa. Mkewe aliyatazama haya yote kutoka kitandani. Siku za mwanzo alicheka. Baadaye akasema kwamba ameletewa mke mwenza, na kibaya zaidi, mke mwenza mwenyewe anafunikwa vizuri kuliko yeye.

Alfajiri betri ilirudishwa mahali pake. Nje ukungu umeshuka hadi usawa wa madirisha, siti imelowa umande, vishikio baridi kama vijiko vya jana. Mkate Moto alipanda, akageuza ufunguo, taa ya kijani ikawaka, akabonyeza kitufe cha stata kwa kidole gumba. Tik. Akaachia, akabonyeza tena. Safari hii mota ilizunguka mara moja kwa uvivu, kama mgonjwa anayegeuka ubavu, ikanyamaza. Tik.

Hapo mkewe alijifunga mtandio kichwani, akatoka, akaweka mikono nyuma ya keria na kuinamisha kichwa. Mlinzi wa ghala la jirani, aliyekuwa akirudi kutoka zamu, naye aliongeza mkono wake. Wakaisukuma hadi pale njia inapoanza kuteremka, pikipiki ikashika kasi, Mkate Moto akaachia klachi, injini ikakohoa na kuwaka. Mkewe alibaki nyuma katikati ya moshi, akishikilia kiuno. Kutoka kwenye uzio wa nyumba ya pili, mtu ambaye hakuonekana vizuri alimwambia kwamba wenzake wamepata waume wenye magari na yeye kapata mume mwenye mkokoteni.

Jina la Mkate Moto alipewa na wenye maduka. Kazi yake ilikuwa kubeba mikate kutoka kwa mwoka mikate hadi kwenye maduka ya mlimani, na alikuwa na namna yake: kreti alizifunika kwa blanketi kwanza, turubai juu yake, kisha kamba ya mpira mara mbili. Mkate ulifika na mvuke bado umo ndani ya karatasi. Wengine walileta mikate. Yeye alileta mikate ya moto, na mwenye duka anajua tofauti hiyo ina maana gani kwa mama aliyetuma mtoto kabla ya shule. Lakini baridi ilipoanza na stata ikaanza kugoma, alifika wakati watoto wameshapita na kununua maandazi kwingine. Jina likageuzwa. Madereva wa pikipiki wanaongojea abiria kwenye kona ya njia kuu walimpokea kwa sauti moja: Mkate Baridi huyo, mpisheni kabla hajaganda. Mwoka mikate, mtu mpole asiyependa kurudia maneno, alimwambia mara moja tu kwamba oveni yake haiwezi kuamka kwa ajili ya pikipiki isiyoamka.

Mtu asiyemjua angeuliza kwa nini hapigi kiki, kile chuma cha kuwashia kwa mguu. Pikipiki ilikuwa nayo, nzima, upande wa kulia. Tatizo lilikuwa mguu wa kuipiga. Lori la mchanga lilikuwa limerudi nyuma bila dereva kutazama, na goti la kulia la Mkate Moto likapondwa kati ya bampa na ukuta. Madaktari waliokoa mguu lakini goti halikukunjika tena. Alitembea kama bikari inayochora duara. Kuendesha aliweza: gia ziko mguu wa kushoto, na mchomeleaji mmoja alimrefushia kanyagio la breki la upande wa kulia ili alifikie kwa mguu ulionyooka. Kiki ilimshinda. Alijaribu kusimama kando na kuipiga kwa mguu wa kushoto. Mguu mbovu ukakataa kubeba mwili peke yake, akaanguka na pikipiki ikamlalia. Mkewe alijaribu pia. Kiki ilimrudi na kumchapa kwenye muundi, akakaa chini kwenye matope akiushika mguu wake, na tangu siku hiyo akasema atasukuma, atavuta, hata ataibeba mgongoni ikibidi, lakini kile chuma hakigusi tena. Kwa watu wengine wote duniani kitufe cha stata kilikuwa starehe. Kwa Mkate Moto kilikuwa goti.

Pikipiki yenyewe iliachwa na baba yao, yeye na mdogo wake wa kiume. Kadi ilikuwa na jina la marehemu, na kwa hesabu ya familia mali ya marehemu ilikuwa mikononi mwa mama. Mkate Moto aliitumia kwa sababu alikuwa mkubwa na alikuwa na kazi ya kuitumia. Alipolazwa, mdogo wake aliichukua. Huyu mdogo alikuwa fundi rangi kwenye karakana ya magari, kijana mwenye mikono safi kwenye kazi chafu. Akaivua pikipiki kila kitu, akabaki na mifupa, akaipiga msasa, akaipaka rangi nyekundu inayong'aa, koti juu ya koti, kisha akairudishia viungo vyake kimoja kimoja. Alipiga picha na kuipeleka wodini. Mkate Moto, mguu ukiwa umening'inizwa kwa vyuma, aliitazama ile picha akalia, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wakadhani kapata msiba. Katika maisha yake hakuna mtu aliyewahi kumtendea jambo zuri namna ile.

Miezi ile ya joto mdogo aliiendesha, akampelekea mama maji na mahitaji yake, na hata kreti chache za mikate ili nafasi ya kaka isipotee. Stata iliwaka kila ilipoguswa. Karakana ya magari ilipofungwa, mdogo alikuwa ameshaizoea pikipiki. Kisha kaka akatoka hospitali, akairudia pikipiki yake, na baridi ikaja.

Fundi pikipiki alikuwa mtu mnene aliyefanya kazi ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, na tatizo hili lilimtia aibu kuliko lilivyomtia hasira. Alibadilisha betri. Alifungua mota ya stata, akakuta kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme ndani ya mota, bado ndefu. Alibadilisha rilei, swichi inayoruhusu umeme kwenda kwenye stata. Alimwaga oili nzito, akatia nyepesi, maana oili nzito kwenye baridi huwa kama uji uliolala. Kila baada ya kazi alibonyeza kitufe na injini iliwaka kabla kidole hakijaondoka. Wateja waliokuwa wakingoja zamu yao walipiga makofi. Asubuhi iliyofuata, nyumbani, tik.

Kilichowapoteza wote wawili ni jambo dogo ambalo hakuna aliyefikiria kulisema. Mkate Moto hakuwahi kuifikisha pikipiki kwa fundi ikiwa mgonjwa. Njia ya kwenda gereji ilipita pale kona, na mwanamume anayepita pale kona akisukuma pikipiki huimbiwa mpaka apotee machoni. Yeye, na mguu wake, angeimbiwa zaidi. Kwa hiyo kwanza alisukumwa na mkewe, akagawa mikate, na jua lilipokwisha kupanda akaingia gereji injini ikinguruma, moto, oili laini, kila kitu kimepanuka mahali pake. Alikuwa kama mtu anayekunywa dawa ya maumivu kabla ya kwenda kumwonyesha daktari mahali panapouma. Fundi alimwomba ailaze gereji usiku mmoja aione yenyewe alfajiri. Akakataa. Akiilaza, nani atapeleka mikate? Alikuwa na sababu nyingine ambayo hakuitamka: hakupenda pikipiki ile ilale mahali ambapo mdogo wake angeweza kuipitia.

Kwa maana maneno yalikuwa yameanza. Mama alimwita siku moja alasiri, na alipofika akawakuta baba mdogo na yule mdogo wake wameshakaa, vikombe vya chai vimeshamiminwa. Mama alizungumza kwa sauti ya chini akitazama meza. Alisema pikipiki inataka mwenye miguu miwili. Mdogo wake hana kazi na ana watoto wachanga. Yeye mkubwa anaweza kukaa dukani kwa baba mdogo, ndani, pakavu, akauza na kuandika. Mkewe ataacha kuvunjika kiuno mbele ya majirani. Mdogo alikuwa akizungusha kikombe chake kwenye kisosi.

Mkate Moto aliwaambia shida siyo mguu, shida ni stata. Wampe hadi Jumamosi. Jumamosi asubuhi, kwenye baridi, ataileta pale uani, na ikiwaka yenyewe bila mtu kuisukuma, mada imefungwa na pikipiki inabaki kwake.

Hakuna aliyejibu. Baba mdogo alikohoa. Mama aliinuka akaanza kukusanya vikombe. Mkate Moto alirudi nyumbani akamwambia mkewe kwamba wamekubali. Mkewe aliuliza nani hasa aliyesema ndiyo. Akajibu kwamba hakuna aliyesema hapana. Mwanamke akasema kimya kingi kina mshindo mkubwa, akaendelea kukunja nguo.

Ijumaa alikwenda gereji kwa gari la mtu, bila pikipiki, akakaa kwenye tairi mbele ya fundi na kumweleza yote, pamoja na aibu ya pale kona. Fundi aliweka spana chini.

"Kumbe wewe mzee umekuwa ukiniletea mtu mzima kila siku, halafu unaniuliza anaumwa nini?"

Kisha akamfundisha la kufanya. Kesho ikigoma, asikimbilie kusukuma. Abonyeze kitufe, ashikilie kidogo, aachie, arudie hivyo mara kadhaa. Halafu azime, avue glavu, apite na vidole kwenye kila kiungo cha umeme mkubwa: vichwa vya betri, rilei, waya mnene unaokwenda kwenye stata, na ule wa arthi unaourudisha umeme kwenye betri kupitia fremu. Umeme ukibanwa mahali hutoa joto. Mchana huwezi kulijua joto hilo, kwa sababu pikipiki nzima ni ya moto. Alfajiri, kila kitu kikiwa baridi, mwizi atakuwa ndiye pekee anayetoka jasho.

Alfajiri ya Jumamosi betri haikuwa imelala ndani. Aliiacha nje makusudi, na pikipiki nzima ilikuwa imepigwa na umande. Mkewe alishika tochi. Mkate Moto alibonyeza: tik. Akashikilia, akaachia. Tik, na mzunguko nusu. Akarudia mpaka taa ya kijani ikaanza kufifia, kisha akazima, akavua glavu, akalaza mguu wake ulionyooka kwenye matope na kuanza kupapasa.

Kichwa cha kwanza cha betri kilikuwa baridi. Cha pili vilevile. Rilei baridi, imelowa. Waya mnene wa stata ulikuwa baridi mwanzo hadi mwisho. Alipitisha mkono chini ya tangi, akafuata waya mweusi wa arthi hadi pale unapofungwa kwenye fremu kwa nati moja, na kidole chake kikashtuka. Nati ilikuwa na joto. Alirudisha mkono akashika tena, taratibu, kama mtu anayempima mtoto homa.

Aliifungua. Chini ya kichwa cha waya, mahali ambapo chuma kilitakiwa kukaa juu ya chuma, palikuwa na rangi. Nyekundu, nzito, inayong'aa, koti juu ya koti, haina hata mkwaruzo. Hata nyuzi za ile nati, ile mikunjo ya ndani inayoshika boliti, zilikuwa na rangi. Umeme ulikuwa ukipenya kwa kubembeleza. Siku ya joto, oili ikiwa nyepesi na mota haidai nguvu nyingi, kile kidogo kilichopenya kilitosha. Siku ya baridi hakikutosha.

Mkewe alishusha tochi. Wote wawili walijua mkono uliopaka rangi ile. Mkewe ndiye aliyesema, kwa sauti ya kawaida, kwamba shemeji yake ana mkono mzuri sana, hakuacha hata pale pasipoonekana.

Mkate Moto alikwangua kwa kisu, akamalizia kwa msasa, mpaka kikatokea chuma cheupe ukubwa wa kifungo cha shati. Akasafisha nyuzi, akafunga, akakaza. Alipanda, akageuza ufunguo, akaweka kidole. Mota ilizunguka kwa nguvu ambayo hakuwa ameisikia tangu atoke hospitali, na injini ikawaka. Aliizima. Akaiwasha tena. Akaizima. Aliiwasha mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na mkewe hakumzuia. Mlinzi wa ghala alipita, akasimama na mkono wake tayari kusukuma, akaona hakuna kazi, akaenda zake.

Mikate ilifika na mvuke. Kisha, badala ya kuingia kwa mama injini ikiwa moto, alimwachia yule mlinzi pikipiki nyumbani kwake, kivulini, mpaka ikapoa kabisa, na kwa kuwa njia ya kwa mama ni mteremko, akaiteremsha imezimwa, breki mkononi, mpaka uani. Hakutaka mtu aseme imepashwa moto. Baridi ilikuwa bado imekaa juu ya mabati.

Wote walitoka barazani: mama na shali yake, baba mdogo, mdogo wake mikono mfukoni. Mkate Moto aliweka kidole kwenye kitufe. Alibonyeza. Ikawaka mara ya kwanza, ikanguruma uani mpaka kuku wakakimbia. Baba mdogo alicheka kwa furaha ya kweli akapiga makofi. Akauliza ilikuwa nini. Mkate Moto akaeleza: rangi chini ya nati ya arthi. Aliyasema hayo akimtazama mama, lakini mdogo wake alifumba macho kidogo, kama mtu aliyepitiwa na vumbi.

Mama alishuka ngazi. Akashika kishikio cha pikipiki, akakipapasa.

"Ahsante, mwanangu," alisema. "Nilikuwa naogopa kumkabidhi mdogo wako kitu kibovu."

Mkate Moto alidhani hakusikia vizuri. Aliwakumbusha Jumamosi, aliwakumbusha maneno yake. Mama alimwambia maneno yale aliyasema yeye peke yake. Hakuna mtu aliyemjibu, kwa sababu alikuwa na hasira na mtu mwenye hasira hajibiwi. Akasema pia kwamba yeye ndiye aliyelala kwenye korido ya hospitali akisubiri kuambiwa kama mtoto wake ana mguu au hana, na kila alfajiri anaposikia pikipiki barabarani hukaa kitandani mpaka apite mtu wa kumwambia Mkate Moto amefika mlimani. Stata iwake isiwake, yeye hatalala usingizi.

"Ungesema hivyo siku ile," alisema Mkate Moto. "Nisingelala matopeni na kisu."

"Ungekubali?"

Mkate Moto alizima injini. Aliwaambia kwamba anayepewa pikipiki ndiye aliyeiharibu. Hapo mama akakunja uso kwa mara ya kwanza. Alisema mdogo wake aliipaka kwa mapenzi wakati yeye yuko kitandani, na kwamba mtu anayelipa mapenzi kwa lawama atakosa vyote viwili. Mdogo alianza kusema kaka, mimi sikujua kama pale huwa hapapakwi. Ilikuwa kweli. Uso wake ulionyesha ni kweli, na hilo ndilo lililomnyima Mkate Moto hata mtu wa kumchukia. Baba mdogo, aliyependa mambo yaishe vizuri, alisema kiti cha dukani kina mto, na alfajiri duka huwa halijafunguliwa.

Ufunguo aliuacha kwenye swichi. Hakumpa mtu mkononi.

Mkewe alipoambiwa, aliuliza kama Jumatatu mumewe atalala mpaka jua litoke. Mkate Moto akasema atalala. Mke akamgeuzia mgongo akainama kwenye beseni, na mume hakuweza kujua kama ilikuwa faraja au kitu kingine, na hakuuliza.

Jumapili, mikate haipelekwi, mdogo alikuja kumchukua ili aonyeshwe maduka. Hapakuwa na kreti, kwa hiyo Mkate Moto alikaa nyuma, mahali pa mzigo, mguu wa kulia umetoka mbele ukipita ubavu wa mdogo wake kama boriti. Walipanda mlima taratibu. Kwenye kona ya kwanza nyembamba mdogo alipunguza mwendo.

"Kaka, huwezi kuukunja kidogo? Tutagonga ukuta."

"Endesha tu. Kaa kushoto."

Duka la kwanza alimwonyesha mlango wa pembeni unaogongwa, siyo ule wa mbele. La pili alimwambia mwenye duka hapendi kreti iwekwe chini. La tatu lilikuwa la mwanamke mzee aliyetoka nje akifuta mikono, akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. Aliuliza kwa nini leo amebebwa. Mkate Moto akamweleza kwamba kuanzia kesho mikate italetwa na huyu, ni mdogo wake, tumbo moja.

Mwanamke alimkagua yule kijana, mabega, miguu.

"Ataifunika kwa blanketi?"

Mdogo alimgeukia kaka yake, hakujua blanketi gani.

"Nitamwonyesha," alisema Mkate Moto.